Refa Aliyevaa Jezi: Georgia 2018 na Ofisi Ambayo Hakuna Aliyeitazama



Hebu fikiria hivi. Mwenyekiti wa tume ya uchaguzi anaamka siku moja anatangaza kwamba yeye mwenyewe anawania kiti. Kazi haachi. Anaendelea kushika daftari la wapiga kura, anaendelea kutuma maagizo kwa maafisa wa kila kaunti, anaendelea kusema huyu yumo na huyu hayumo. Wapinzani wakilalamika, anawajibu kwamba hakuna sheria inayomkataza. Wewe ungesema nini? Najua ungesema nini, manake hapa kwetu kamishna akionekana tu kwenye picha na mwanasiasa, nchi nzima hailali.

Sasa hii si hadithi ya kutunga. Ilitokea Marekani, jimbo la Georgia, mwaka wa 2018. Na naomba uisome mpaka mwisho, hasa wewe kijana unayeniambia kila siku kwamba kura ni ya rais na gavana tu, hayo makaratasi mengine unatia alama popote ama unayaacha wazi.

Kwanza tuelewane kuhusu cheo chenyewe. Tunaposikia "Secretary of State" wa Marekani, sisi tunamfikiria yule anayezunguka dunia na ndege, waziri wa mambo ya nje. Huyo ni wa serikali ya taifa. Lakini majimbo mengi pia yana wao, na kule Georgia anachaguliwa na wananchi kila miaka minne. Tumwite Katibu wa Jimbo. Anasajili kampuni, anatoa leseni za wauguzi na vinyozi, mambo ya karatasi tu. Na katikati ya hizo karatasi kuna moja nzito: uchaguzi. Daftari la jimbo zima liko chini yake.

Siku ya tarehe 6 Novemba 2018, watu wa Georgia walikuwa wanachagua viongozi wote wa serikali ya jimbo kwa mpigo. Gavana, naibu wake, Katibu wa Jimbo, mwanasheria mkuu, kamishna wa kilimo, wa bima, wa kazi, na msimamizi wa shule. Kule nyadhifa hizo haziteuliwi, zinapigiwa kura. Lakini uliza mtu yeyote aliyefuatilia habari wakati ule, atakutajia majina mawili tu, Stacey Abrams na Brian Kemp.

Abrams alikuwa ameongoza wabunge wa chama cha Democrat katika bunge la Georgia. Alipopata tiketi, akawa mwanamke mweusi wa kwanza katika historia ya Marekani kusimama kwa ugavana akiwa mgombea wa chama kikubwa. Kemp wa Republican alikuwa na Trump nyuma yake, na tangazo lake la televisheni lilimwonyesha na gari lake kubwa la pikapu akiahidi kuwakamata wahamiaji wahalifu awapeleke makwao mwenyewe. Hayo ni ya kampeni, wanasiasa ni wanasiasa. Lililo muhimu ni kwamba tangu mwaka wa 2010 Kemp ndiye aliyekuwa Katibu wa Jimbo. Yeye ndiye mwenye daftari.

Na hawa wawili hawakukutana 2018. Abrams alikuwa ameanzisha mradi wa kusajili wapiga kura wapya, New Georgia Project, na mwaka wa 2014 ofisi ya Kemp ikaufungulia uchunguzi kwa madai ya fomu zisizo halali. Kwa hivyo kabla hawajawa wapinzani kwenye karatasi ya kura, mmoja alikuwa anajaza daftari na mwingine alikuwa na ufunguo wa kabati lake.

Tuliangalie hilo daftari, manake ndipo penye utamu na uchungu wa habari hii.

Kulikuwa na kanuni iliyoitwa ya kulingana kikamilifu. Ukijaza fomu ya kujisajili, taarifa zako zinalinganishwa na zile zilizoko ofisi ya leseni za udereva au kwenye mfumo wa hifadhi ya jamii wa taifa. Zisipofanana herufi kwa herufi, fomu yako inawekwa kando. Kistari kimeachwa kwenye jina, herufi moja imerukwa na karani aliyekuwa anachapa, jina la pili limeandikwa kwa kifupi, basi, unasubiri. Kanuni hiyo ilishapelekwa kortini, kukawa na makubaliano mapema mwaka wa 2017, na mwaka huohuo bunge la jimbo likaiandika upya kama sheria kamili. Oktoba 2018, wiki chache kabla ya kura, shirika la habari la Associated Press likaripoti kwamba fomu 53,000 zilikuwa zimekwama, na karibu asilimia 70 ya wenyewe walikuwa watu weusi. Watu weusi ni kama asilimia 32 tu ya wakazi wa Georgia.

Sihitaji kukueleza sana habari ya majina, wewe mwenyewe unaijua. Kwetu nyumbani kuna Fatma, kuna Fatuma na kuna Fatima, na wote watatu ni mtu mmoja: nyanya yangu. Cheti kimoja kinasema hivi, kitambulisho kinasema vile, na kadi ya kliniki ina lake. Mohamed ya o na Muhammad ya u ni ndugu kwenye maisha lakini ni wageni kwenye kompyuta. Kanuni inayotaka herufi zifanane inaonekana haina ubaguzi, haitaji rangi wala dini ya mtu. Lakini jiulize ni majina ya nani ambayo makarani hukosea kuyaandika.

Nitende haki hapa. Kemp alisema, na ilikuwa kweli, kwamba mtu aliyekwama bado angeweza kufika kituoni na kitambulisho chenye picha akapiga kura. Alikuwa pia na miezi 26 ya kurekebisha. Upande wake ulisema makosa mengi yalitoka kwa hao wasajili wenyewe waliojaza fomu ovyo. Sawa. Lakini wewe umewahi kuandikiwa barua na ofisi ya serikali kwamba jina lako lina tatizo? Wangapi wanaipata hiyo barua, na wangapi wakishaipata wanapiga hesabu ya siku ya kazi na nauli, wanaamua kukaa nyumbani?

Halafu kulikuwa na raia wapya. Nje kidogo ya Atlanta kuna mji mdogo unaitwa Clarkston, kaunti ya DeKalb, ambao kwa miaka mingi umepokea wakimbizi kutoka pande zote za dunia, wakiwemo Wasomali na Wakongo. Baadhi yao walitokea kambi zetu hapa, Dadaab na Kakuma, na ukitembea kule Kiswahili unakisikia. Sasa mtu wa namna hiyo anafika Marekani, anachukua leseni ya udereva akiwa bado si raia. Miaka inapita, anaapishwa, anapata uraia wake halali. Anajisajili kupiga kura. Mfumo unakwenda kwa faili la leseni, unakuta lile la zamani linalosema mgeni, fomu yake inasimamishwa. Watu kama 3,100 walikuwa katika hali hiyo jimboni. Tarehe 2 Novemba, siku nne kabla ya uchaguzi, Jaji Eleanor Ross akaamuru kwamba mtu akifika kituoni na ushahidi wa uraia, msimamizi wa kituo auangalie palepale na amruhusu apige kura. Siku nne!

Upande mwingine wa daftari ni kufuta. Sheria ya Georgia ilisema usipopiga kura wala kuwasiliana na ofisi kwa miaka kadhaa, unatumiwa notisi, na ukiendelea kunyamaza unafutwa. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imebariki utaratibu unaofanana na huo katika kesi ya jimbo la Ohio, Juni 2018. Kwa hivyo ni halali. Usiku mmoja wa Julai 2017, Georgia ilifuta zaidi ya majina nusu milioni kwa mkupuo. Wengi wao ni kweli walikuwa wamehama ama wamekufa, na daftari lolote lazima lisafishwe, hilo sibishani nalo. Lakini wengine kosa lao lilikuwa moja, hawakupiga kura. Uchunguzi wa waandishi wa APM Reports ulikadiria hao kuwa kama 107,000. Wewe unayesema "mimi huwa sipigi kura, ni haki yangu kukaa", kule kukaa kwako ndiko kulikohesabiwa kuwa ushahidi dhidi yako.

Kisha vituo. Miaka yote hii Georgia ilikuwa haiwezi kubadilisha sheria zake za uchaguzi bila ruhusa kutoka Washington, kwa sababu ya historia yake. Na ni historia, wallahi. Mwaka wa 1868 weusi walichaguliwa kuingia bunge la Georgia, na kabla mwaka haujaisha wenzao wazungu wakawafukuza, 33 kati yao, kwa sababu ya rangi tu. Ndiyo maana Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 iliyaweka majimbo kama hayo chini ya uangalizi. Juni 2013 Mahakama Kuu ikauvunja uangalizi huo katika kesi ya kaunti ya Shelby. Gazeti la Atlanta Journal-Constitution lilipohesabu, likakuta vituo 214 vya kupigia kura vimefungwa kati ya 2012 na 2018. Ofisi ya Kemp ilisema hayo ni maamuzi ya kaunti zenyewe, na kisheria ni kweli. Ila mwaka wa 2015 ofisi hiyohiyo ilikuwa imezitumia kaunti mwongozo wa jinsi ya kuunganisha vituo.

Hapa nataka nikae kidogo, manake hapa ndipo watu wa kawaida wanaingia. Kusini-magharibi mwa Georgia kuna kaunti maskini ya mashambani inaitwa Randolph. Zaidi ya nusu ya wakazi ni weusi, wengi hawana magari. Agosti 2018, miezi mitatu kabla ya kura, ikapendekezwa vituo saba kati ya tisa vifungwe. Sababu? Ati havina njia za viti vya magurudumu. Yaani badala ya kumwaga simiti mlangoni, funga kituo, halafu mlemavu aende mbali zaidi.

Watu wa Randolph hawakungoja wakubwa wa Atlanta. Walijaa kwenye mikutano, wakakusanya saini, wakawaita wanasheria na waandishi. Tarehe 24 Agosti bodi ya uchaguzi ya kaunti ikakaa, na kikao hakikumaliza hata dakika moja. Pendekezo likatupwa. Vituo tisa vikabaki tisa. Mimi nafanya kazi ya kukusanya watu mtaani, na nakwambia sijasoma jambo lililonifurahisha kama hilo kikao cha chini ya dakika moja. Sisi hapa tunakaa mikutano ya saa tatu na tunatoka na soda tu.

Jirani na Randolph kuna kaunti ya Quitman. Huko mwaka wa 1962 mkulima mmoja wa karanga aligombea useneta wa jimbo kwa mara ya kwanza, akaibiwa. Bwana mkubwa wa kaunti alisimama juu ya watu wakipiga kura, na daftari lilipofunguliwa likaonyesha wapiga kura walijipanga kwa mpangilio wa alfabeti, wakiwemo marehemu. Mkulima yule akaenda kortini, akakipata kiti. Jina lake Jimmy Carter. Baadaye akawa gavana wa Georgia, na baadaye rais.

Huyu Carter ndiye ambaye kituo chake, Carter Center cha hapohapo Atlanta, kilituma waangalizi kwetu Kenya Agosti 2017, ujumbe ulioongozwa na akina John Kerry. Mnawakumbuka, na mnakumbuka pia kwamba tarehe 1 Septemba Mahakama yetu ya Juu ikaufuta uchaguzi ule wa urais. Basi mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2018, Mzee Carter akiwa na miaka 94 akamwandikia Kemp barua. Akamwambia kwa adabu kwamba yeye ameangalia chaguzi nchi nyingi, na jambo la kwanza linalofanya watu waamini matokeo ni msimamizi asiyeegemea upande. Akamwomba ajiuzulu ukatibu.

Kemp hakujiuzulu. Watetezi wake walisema makatibu wengine kabla yake waligombea vyeo wakiwa ofisini, hata wa Democrat, na hiyo ni kweli. Mimi jibu langu ni kwamba kosa la jana halimpi mtu ruhusa ya leo. Na tazama ilivyoishia. Jumapili ya tarehe 4 Novemba, siku mbili tu kabla ya kura, ofisi ya Katibu wa Jimbo ilitangaza kwenye tovuti yake rasmi, tovuti ileile ambayo wananchi hutafuta vituo vyao, kwamba chama cha Democrat kinachunguzwa kwa jaribio la kudukua mfumo wa wapiga kura. Ushahidi hakutoa. Mwaka wa 2020 ofisi ya mwanasheria mkuu wa Georgia, wa chama kilekile cha Kemp, ikalifunga faili kwa kukosa ushahidi. Lakini Jumapili ile imeshapita.

Siku yenyewe ikafika. Kituo cha Pittman Park mjini Atlanta kilifunguliwa na mashine tatu, foleni ikazunguka, watu wakakaa saa na saa, nyingine zikaletwa baadaye na muda ukaongezwa. Kwenye shule moja ya msingi kaunti ya Gwinnett mashine ziliwasili bila nyaya za umeme. Betri zikaisha. Unacheka? Mimi nilicheka pia, kisha nikakumbuka vifaa vyetu vya vidole.

Matokeo: Kemp 1,978,408. Abrams 1,923,685. Wa tatu, Ted Metz wa Libertarian, 37,235. Ni tofauti ya kura 54,723. Lakini kuna kitu kingine ambacho Mkenya anakielewa haraka kuliko Mmarekani wa jimbo lingine: Georgia ina nusu jumlisha moja. Asipopita mtu asilimia 50, kuna duru ya pili. Chukua kalamu upige hesabu. Kemp aliipita nusu kwa kura zisizofika 9,000, kati ya karibu milioni nne. Kwa hesabu hiyo, Abrams angeongeza kama 17,500 tu juu ya zake, Desemba wangekutana tena wawili.

Kemp akajiuzulu ukatibu tarehe 8 Novemba, akiwa ameshajitangaza mshindi. Tarehe 16 Abrams akasimama akasema anatambua kwamba Kemp ataidhinishwa kuwa gavana kisheria, lakini yeye haendi kuita hilo haki.

Utaniuliza: kwa hivyo aliibiwa? Wengine wetu tunapenda jibu la ndiyo la haraka. Mimi sitakupa. Hakuna aliyethibitisha kwamba bila hayo yote Abrams angeshinda. Waliojitokeza walikuwa wengi mno, kutoka kama milioni 2 na nusu mwaka wa 2014 hadi karibu milioni 4. Shirika lake la Fair Fight lilikwenda kortini, kesi ikachukua karibu miaka minne, na tarehe 30 Septemba 2022 Jaji Steve Jones, jaji aliyeteuliwa na Obama, akaamua kwamba taratibu zile, hata kama si nzuri, hazikuvunja Katiba wala sheria ya 1965. Mwaka huohuo Abrams akagombea tena na Kemp, akashindwa kwa asilimia 7 na zaidi.

Kwa hivyo hakukuwa na kura zilizotiwa debeni usiku. Hakuna daftari la marehemu kama la Quitman. Kila hatua ilikuwa na kifungu chake, fomu yake, notisi yake ya posta. Hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi mimi zaidi kuliko wizi. Mwizi unaweza kumshika. Aliyepunguza watu kwa utaratibu halali, mwaka mzima, wakati hakuna anayetazama, utampeleka wapi? Walijaribu, na umeona jibu la korti.

Na bado sijafika mahali ninapopataka.

Kumbuka nafasi ya Katibu wa Jimbo ilikuwa wazi, Kemp anahama. Ilikuwa kwenye karatasi ileile ya Novemba. Brad Raffensperger wa Republican na John Barrow wa Democrat walikaribiana hivi kwamba hakuna aliyefika nusu. Duru ya pili ikawekwa tarehe 4 Desemba 2018. Yaani watu wa Georgia, wale waliopanga foleni saa nne, wale waliolia kwenye televisheni kuhusu daftari, walipewa mwezi mmoja baadaye nafasi ya kumchagua mshika daftari mpya. Hakuna Abrams kwenye karatasi, hakuna Oprah wa kuja kubisha hodi nyumba kwa nyumba kama alivyofanya Novemba. Ni huyo tu anayeshika daftari, pamoja na kiti cha tume ya umeme.

Wangapi walirudi? Kutoka karibu milioni 4, walirudi kama milioni 1 na nusu. Raffensperger akapata karibu asilimia 52. Tofauti ilikuwa kama kura 56,000, na watu zaidi ya milioni mbili walikuwa nyumbani.

Ningekuwa mratibu kule ningejilaumu mimi kwanza. Watu wanakuja wakiitwa na uso. Ukiwaita kwa daftari hawaji, manake daftari halina wimbo wala fulana. Hata hapa nikifanya kikao cha usajili wa kura mwaka usio wa uchaguzi napata watu sita, na wawili ni binamu zangu.

Sasa sikiliza kilichofanywa na ofisi hiyo isiyo na wimbo. Novemba 2020 Biden alimshinda Trump Georgia kwa kura 11,779. Mashine zilikuwa mpya, zinatoa karatasi, na karatasi karibu milioni tano zikahesabiwa kwa mkono jimbo zima. Safari hii Carter Center ilikuwepo kuangalia, nyumbani kwao, kwa mara ya kwanza. Matokeo yakabaki palepale. Tarehe 2 Januari 2021 Trump, akiwa rais, akampigia simu Katibu wa Jimbo. Akamwambia anataka kupatiwa kura 11,780. Moja zaidi ya zile alizoshindwa nazo. Simu ilirekodiwa, dunia nzima ikaisikia.

Raffensperger, Mrepublican, aliyempigia Trump kura yake mwenyewe, akakataa.

Najua wako watakaosema basi mfumo ulifanya kazi, tatizo liko wapi. Mimi naona ilikuwa bahati. Mtu aliyepigiwa simu ile aliwekwa ofisini na duru ya pili ambayo wengi wa wapiga kura wa jimbo hawakuona haja ya kwenda. Alikuwa mtu wa kukataa, alhamdulillah. Angekuwa wa namna nyingine, nani angekuwa na la kusema, na yeye alichaguliwa kihalali wakati wewe umelala? Na sidhani alikuwa malaika, manake ofisi yake ndiyo ilikuwa upande wa pili wa kesi ya Fair Fight miaka yote ile, ikitetea daftari lilelile la Kemp.

Machi 2021 bunge la Georgia likapitisha sheria mpya ya uchaguzi. Vyombo vya habari vilizungumza sana juu ya kifungu kinachokataza kumpa mtu aliye kwenye foleni ya kura chakula au chupa ya maji karibu na kituo. Hicho kiliwaudhi watu, na ni haki yao. Kilichosomwa kidogo ni kifungu kingine, kilichomwondoa Katibu wa Jimbo kwenye uenyekiti wa bodi ya uchaguzi ya jimbo, akabaki bila hata kura ndani yake. Mwenyekiti mpya angechaguliwa na bunge. Aliyeitia saini sheria hiyo, tarehe 25 Machi, ni Gavana Brian Kemp.